Edipode alikosea wapi hasa? Mimi naona hakukosea popote

#1 Kondakta Mstaafu (Jumanne, saa 3:14 usiku)
Wakuu, salaam. Juzi nimeokota kwa wauza vitabu wa chini pale Posta nakala ya *Mfalme Edipode*, tamthilia ya Mgiriki Sophocles, ile tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971. Jalada la nyuma hakuna, mende wamekula pembe, nikauziwa buku tatu. Nimeisoma kwenye mwendokasi, Kivukoni–Kimara, nikaimaliza na kuirudia.

Sasa nina kesi. Shuleni tulikaririshwa kwamba kila tanzia ina shujaa mwenye dosari moja inayomwangusha, na aliyesema hivyo ni Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki. Mwalimu akaandika ubaoni: Edipode, kiburi na hasira. Tukanakili, tukafaulu.

Nimesoma kwa macho ya uzeeni na dosari siioni. Mtoto anazaliwa, wazazi wametabiriwa kuwa atamuua baba yake, wanamtoboa miguu na kumpa mchungaji akamtupe mlimani. Hapo kosa lake liko wapi? Anakulia Korintho kwa mfalme Polybus na mkewe, anaowajua ndio wazazi wake. Anakwenda kuuliza Delphi, kwenye hekalu la utabiri, anaambiwa utamuua baba yako na utamwoa mama yako. Anafanya nini? Harudi nyumbani, asije akawadhuru. Njia panda anakutana na mzee na msafara wake, wanamsukuma, mzee anamtwanga kichwani, naye anarudisha. Anafika Thebes, anakuta dude lenye mwili wa simba linamaliza watu, analishinda, wananchi wenyewe wanampa kiti na mjane wa mfalme. Tauni inapoingia, yeye ndiye anayeapa kumsaka muuaji mpaka ampate.

Faili liko mezani. Nionyesheni kosa.

#2 Bi Mkubwa wa Ilala
Kosa lipo, tena jepesi. Umeshaambiwa utamuua baba yako. Kuanzia siku hiyo kila mwanamume mwenye mvi unampisha njia, na shikamoo juu. Na kila mwanamke mwenye umri wa kukuzaa unamwita mama, humwoi. Mambo mawili tu. Kashindwa yote mawili.

#3 Kandambili
Hahaha, uzi ufungwe.

#4 Kondakta Mstaafu
Bi Mkubwa, shikamoo. Lakini yeye baba yake anamjua, yuko Korintho anakula zabibu. Huyu wa njiani ni mzee mkorofi tu.

#5 Mwalimu Chaki
Marahaba kwa niaba ya Bi Mkubwa. Kondakta, umeruka ukurasa. Edipode mwenyewe anamsimulia Jocasta, yule mjane aliyemwoa, ambaye kumbe ndiye mama yake mzazi (na mzee wa njia panda ndiye baba), kwamba siku moja karamuni mlevi alimtupia neno: wewe si mtoto wa huyu unayemwita baba. Lilimkereketa, ndilo lililompeleka Delphi. Kule hakujibiwa alichouliza, akapewa jibu la swali lingine. Kwa hiyo alipofika njia panda, shaka alikuwa nayo. Hoja ya Bi Mkubwa ina miguu.

Ila na mimi nisahihishe la shuleni, maana huenda mwalimu yule wa ubaoni ni mimi. Aristotle hakusema "dosari". Alisema *hamartia*, na kitenzi chake Wagiriki walikitumia hata kwa mpiga mshale aliyekosa shabaha. Anachosema ni kwamba mtu wa tanzia haanguki kwa uovu, anaanguka kwa kukosa fulani. Habari ya tabia mbaya inayomtafuna shujaa kutoka ndani ni mzigo uliopakiwa baadaye sana. Na tazameni Kiswahili kilivyo tajiri hapa: kukosa. Mshambuliaji kakosa goli. Nimekosa nauli. Nimekukosea, nisamehe. Kitenzi kimoja kinabeba bahati mbaya na hatia pamoja, kama cha Kigiriki. Mwingereza akitafsiri lazima achague upande. Sisi hatulazimiki.

#6 Nyuma Mwiko
Inategemea kakosa goli la timu gani. Yupo mmoja Jumamosi kakosa akiwa yeye na nyavu tu, hiyo ni dhambi kabisa.

#7 Kandambili
Mmeanza. Mlipofungwa nyinyi mlisema ni mwamuzi.

#8 Fundi Keko
Mwalimu umenigusa. Mimi ni mzee wa kanisa. Agano Jipya limeandikwa Kigiriki, na neno la dhambi mle ndani ni hilo hilo hamartia. Sasa iweje kwa Aristotle ni mshale kwenda pembeni na kwa Paulo ni mauti?

#9 Mwalimu Chaki
Kati yao kuna karibu miaka 400. Maneno nayo huhama nyumba.

#10 Nahodha wa Feri
Asalaam aleikum. Mnazunguka mbuyu. Liandikwalo ndilo liwalo. Kuna kisa tunakisikia sana kwenye mawaidha: mtu alikuwa barazani kwa Nabii Suleiman, akamwona malaika wa mauti anamkazia macho. Akaogopa, akaomba upepo umchukue hadi India. Upepo ukamchukua. Baadaye malaika akaulizwa kwa nini ulimtazama vile. Akasema: nilishangaa kumkuta hapa, nilikuwa nimeamriwa kuichukua roho yake India. Edipode ni huyo huyo. Kila anapokimbia ndipo anapofika.

#11 Binti Sinza
Nahodha, tofauti ipo. Yule wa India anakufa tu, hakuna anayemwita mchafu. Edipode anatiwa hatiani na jiji, na anajitia mwenyewe. Anajitoboa macho kwa vibanio vya nguo ya mkewe, tena anasema mkono uliotoboa ni wake, si wa mungu. Kama yote ni kudra, mbona haachi kudra ijitoboe?

Halafu kujua si kusababisha. Mtu wa hali ya hewa akisema kesho mvua, Jangwani ikajaa maji, hatumkamati yeye.

#12 Nahodha wa Feri
Mtu wa hali ya hewa hakuumba mvua, dada yangu. Hapo ndipo penye kina. Nakuachia.

#13 Sauti ya Makongo
Mimi naona mmekamata tamthilia isiyo yenyewe. Hegel, mwanafalsafa Mjerumani, aliona kilele cha tanzia ni *Antigone*, sehemu ya tatu ya hadithi hiyo hiyo. Kwake tanzia si mwema kupambana na mwovu, wala mtu kupambana na kudra. Ni haki mbili zinagongana, kila moja haki kweli kweli, na kila moja inataka kuishi kama vile mwenzake hayupo. Polynices, mtoto wa Edipode, kaleta jeshi kuupiga mji wake, kafa. Creon, mfalme wa sasa wa Thebes, anasema msaliti hazikwi, dola lazima ilindwe. Antigone, binti wa Edipode, anasema huyu ni ndugu yangu tumbo moja, sheria ya kuzika maiti ni kongwe kuliko amri yako. Mwambieni mmoja kakosea wapi.

#14 Mwalimu Chaki
Sahihisho kidogo. Si sehemu ya tatu. Sophocles hakuziandika kama mfululizo. *Antigone* ilitangulia, inakadiriwa mwaka 441 hivi kabla ya Kristo. *Edipode* ikaja miaka kama kumi na kitu baadaye. Ile ya Colonus, ambamo Edipode ni mzee kipofu, aliiandika ukingoni mwa uhai wake, akiwa na miaka kama 90, ikachezwa mwaka 401 yeye akiwa ameshazikwa. Wachapishaji ndio waliozifunga kwa kamba moja.

Na Kondakta, utetezi wako wote wa #1 Edipode anautoa mwenyewe mle Colonus. Anasema matendo yale aliyapata zaidi kuliko kuyatenda, na kwamba yule mzee alianza kupiga. Umekuwa wakili wa mtu aliyekwishajitetea miaka 2,400 iliyopita.

#15 Bi Mkubwa wa Ilala
Huyo Creon ni nani kwa Antigone?

#16 Mwalimu Chaki
Ndugu wa Jocasta. Kwa hiyo mjomba.

#17 Bi Mkubwa wa Ilala
Mjomba! Mjomba mtu ndiye anayekataza mpwawe asizikwe? Hapo hakuna haki mbili. Pana mjomba mmoja asiye na haya.

#18 Kandambili
Tena ukihesabu vizuri, kwa kuwa Jocasta ni mama wa Edipode, Creon ni mjomba wa Antigone na ni babu yake pia. Na mchumba wa Antigone ni mtoto wa huyo huyo mjomba. Kikao cha ukoo wa hawa watu kadi za mwaliko utaziandikaje?

#19 Mama Tunu
Nimekuwa nasoma tu bila kuchangia, lakini hapa kwenye kuzika naomba niseme.

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa Kilimanjaro, kakaa Tabata miaka 38. Mkewe ni mtu wa Tanga. Walinunua kiwanja Kibaha, wakapanda miembe, na kila tukienda Pasaka alikuwa anatuonyesha chini ya mwembe wa pili: mimi nitalala hapa. Hakuandika. Alisema tu, mbele yetu wote, akicheka.

Alikufa Ijumaa. Jumapili ukoo ukashuka na Coaster. Kikao kilifanyika sebuleni kwake, mjane kakalishwa chini kwenye mkeka, wanaume kwenye makochi. Wakasema mwili unakwenda nyumbani, kihambani, kwa baba yake na babu yake. Na msidhani walikuwa watu wabaya. Mkubwa wao, mzee wa miaka 80, alilia. Alisema nikimwacha huku barabarani nitamwambia nini baba yetu nikifika? Alisema watoto wake kesho watakuja kuomba ardhi kwa kaburi lipi? Nilimwelewa. Na mama mdogo nilimwelewa: ni neno la mwisho la mume wake. Binti yao wa kwanza alikaa siku mbili nje ya mochwari kwenye stuli ya mama ntilie, kwamba gari halitoki. Siku ya sita likatoka.

Mama mdogo alikwenda hadi Rombo. Hakushuka kwenye gari.

Aliporudi alichukua redio ya marehemu, ile ya kusikilizia mpira, na kofia yake ya barghashia aliyonunuliwa na wakwe Tanga, akazifukia chini ya mwembe wa pili. Mpaka leo kumbukumbu ya kila mwaka tunaifanyia Kibaha. Kwa hiyo Sauti ya Makongo, huyo Hegel wako mimi namkubali. Ila aje anieleze nani arudishe nini kwa nani.

#20 Kondakta Mstaafu
Pole sana dada. Daah.

#21 Nyuma Mwiko
Pole Mama Tunu. Naacha utani kwa leo.

#22 Binti Sinza
Pole, da Mama Tunu. Hujui ulichokisema hapo kwenye redio. Antigone naye hakuchimba kaburi. Mara ya kwanza alichofanya ni kunyunyiza vumbi jepesi juu ya maiti, basi. Walinzi wanaripoti hakuna shimo, hakuna alama ya jembe. Kwake ilitosha kuitwa mazishi.

Na ajabu ni kwamba kwetu tanzia hii imeshaandikwa. *Kwenye Ukingo wa Thim* ya Ebrahim Hussein, mwaka 1988. Herbert anafariki, mkewe Martha anataka kumzika anavyojua yeye, ukoo unataka anavyojua ukoo. Thim kwa Kijaluo ni pori. Wengi tuliisoma kidato cha tano tukiwinda "mgongano wa mila na usasa" tupate maksi, hatukujua tumeshika *Antigone* mkononi.

#23 Jirani wa Namanga
Na hiyo imetoka kwenye kesi ya kweli ya Nairobi. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka kumzika karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Siku 154 mwili uko mochwari. Mimi nilikuwa kijana, magazeti yalikuwa yanagombaniwa kama mkate.

#24 Sauti ya Makongo
Asante wote. Mama Tunu, sina jibu la kukupa. Hegel naye angesema haki zote mbili zinaonekana pale tu zinapovunjika zote. Nikilisoma hilo kwenye meza yangu ni zuri. Nikilisoma chini ya #19 linakuwa kama mtu aliyekuja msibani na miwani ya jua.

#25 Mpiga Debe wa Hoja
Mimi nampinga Hegel moja kwa moja. Creon hana haki yoyote. Haemon, mtoto wake mwenyewe, anamwambia mji ulio mali ya mtu mmoja si mji. Tiresias, mtabiri kipofu, anamwambia miungu haipokei tena sadaka, madhabahu yamechafuka kwa nyama ya maiti. Mpaka mwisho Creon mwenyewe anakiri. Hegel alikuwa anaipenda dola kupita kiasi, ndiyo maana akamtafutia mjomba kiti.

Waafrika Kusini walilisoma hivyo. *The Island* ya Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, mwaka 1973: wafungwa wawili kisiwani wanafanya mazoezi ya kucheza *Antigone* mbele ya walinzi. Pale hakuna anayeuliza haki ya Creon.

#26 Mwalimu Chaki
Taratibu. Mandela amesimulia kwamba Robben Island walicheza *Antigone* kweli, na yeye alikuwa Creon. Anasema alijifunza kitu kwa kuvaa viatu vile: kwamba kiongozi huwezi kumjua mpaka umwone kwenye kutawala, na kwamba kiongozi lazima ajue kuchanganya haki na huruma. Kwa hiyo mfungwa naye alimsikiliza Creon, hata kama hakumkubali.

#27 Bi Mkubwa wa Ilala
Kumsikiliza mjomba si kumpa ruhusa.

#28 Mzaramo Halisi
Naingia kwa mlango wa uani. Mnapozungumzia tanzia za Wagiriki kama vile walikwenda kuangalia majonzi tu siku nzima, mnasahau kitu. Nilisoma kwamba kwenye sikukuu yao ya Dionysus, mungu wa mvinyo, kila mshairi alileta tanzia tatu, halafu ya nne ni mchezo wa mizaha ya watu nusu mbuzi, walevi, wanarukaruka. Sasa nyinyi hamjawahi kuona msiba wenye watani? Alipokufa babu yangu Kisarawe, watani zetu Wanyamwezi walikuja, mmoja akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akatugombeza kama yeye. Bibi yangu ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu jana alicheka mpaka akalia, halafu ndipo akalia kweli. Kaburini mtani mwingine akaingia shimoni, akasema hatoki mpaka alipwe.

Falsafa yote ya tanzia iko kwenye lile koti.

#29 Binti Sinza
Mzaramo umenifunga mdomo. Ya watu nusu mbuzi iliyobaki nzima ni moja tu, ya Euripides, ile ya jitu la jicho moja.

Na hilo la kucheka mpaka kulia ndilo Aristotle analiita *katharsis*, neno lililoua miti mingi kwa karatasi. Ukitafuta, utashangaa: kwenye maana ya tanzia analitaja mara moja tu, kwamba kwa huruma na hofu tanzia inaleta katharsis ya hisia za namna hiyo. Halafu kimya. Wengine wanasema ni kutakasa, kama kuosha. Jacob Bernays, Mjerumani, mwaka 1857 akasema hapana, ni lugha ya tiba, kama dawa ya kuharisha: unatoa uchafu unapata nafuu. Wengine, kama Martha Nussbaum, wanasema ni kuona wazi, kupangusa kioo.

#30 Mganga wa Jina Tu
Hilo halina utata kwa mtu wa Mbagala. Ni kupunga. Kitabu cha nane cha *Siasa* chake huyo Aristotle kinazungumza juu ya watu wanaopagawa, wanapigiwa nyimbo za ibada, zinawapandisha kwanza, halafu wanatulia kama waliotibiwa. Na neno analotumia ni hilo hilo katharsis. Jamani, huyo kaona ngoma ya pepo kwa macho yake. Ngoma haikutoi pepo kwa kumfukuza, inampa anachotaka: ubani, wimbo wake, nguo yake nyekundu. Akishashiba anakaa.

#31 Fundi Keko
Kwetu tunakemea.

#32 Mganga wa Jina Tu
Ndiyo maana huwa anarudi Jumapili ijayo. Nakutania, mzee wangu.

#33 Sauti ya Makongo
Plato, mwalimu wa Aristotle, ndiye angekuwa upande wa Fundi Keko. Kitabu cha kumi cha *Jamhuri*: washairi watoke mjini, kwa sababu wanamwagilia hisia zilizopaswa kukauka. Tukimwona shujaa anaomboleza jukwaani tunafurahi kumlilia, kisha tukirudi kwetu na yetu tunashindwa kujizuia. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe ujanani aliandika tanzia akazichoma baada ya kukutana na Socrates.

#34 Kandambili
Plato angeona bongo muvi ya sehemu ya kwanza na ya pili angechoma na televisheni.

#35 Kamusi Mfukoni
Naomba nichokoze neno lenyewe. Mnasema tanzia, tanzia. Mimi kwenye simu yangu nina makundi saba, na kila asubuhi nikiona TANZIA kwa herufi kubwa moyo unaruka: nani tena? Kwa watu wengi hapa mjini hiyo ndiyo maana yake, taarifa ya kifo. Maana ya jukwaani ni ya darasani. Na ni jamaa wa *taazia*, Kiarabu cha kufariji wafiwa. Iran wana maigizo ya kifo cha Imam Hussein kule Karbala, na jina lake ni ta'ziya.

Kwa hiyo Mgiriki alilipa jina hili jambo kwa mbuzi (*tragos* ni beberu, wimbo wa beberu, na sababu inabishaniwa mpaka leo). Sisi tumelipa jina kwa rambirambi. Si jambo dogo. Ibn Rushd wa Cordoba, karne ya 12, alipofafanua kitabu cha Aristotle, utamaduni wake haukuwa na jukwaa, akaita tanzia "sifa" na kichekesho "kashfa", kama mashairi ya kusifu na ya kukashifu. Wanamcheka. Mimi simcheki. Naye alikwenda na neno alilokuwa nalo nyumbani.

#36 Mpiga Debe wa Hoja
Sasa na *Kinjeketile* je? Mbona hamumtaji? Hussein huyo huyo, mwaka 1969. Huyu hakutabiriwa kitu na Delphi, yeye ndiye Delphi. Anawapa watu maji, watu wanaungana, halafu anagundua huenda Hongo, yule pepo aliyempagawisha, amemchezea, maana alisikika akisema watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anawaambia wasubiri, wafanye mazoezi kwanza. Hawasubiri. Neno alilolizaa limemzidi kimo. Na mwisho, mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema maji ni uongo, kwa sababu kesho yake adui atalitumia hilo. Nani kakosea pale? Mimi sioni kiburi wala hasira. Naona mtu aliyesema jambo la kweli kwa njia isiyo ya kweli, au kinyume chake.

#37 Nahodha wa Feri
Au kinyume chake. Hapo umesema.

#38 Kondakta Mstaafu
Wakuu, nimesoma zote. Nina deni, nililificha kwenye #1.

Mwaka 1996 nilikuwa kwenye DCM ya Tandika. Kituoni mtoto wa shule akashuka, mimi nikahakikisha mlango, nikagonga bodi, suka akavuta. Mtoto alikuwa ameangusha daftari, karudi kulichukua, kainama mbele ya gurudumu la nyuma. Mimi sikumwona. Dereva ndiyo kabisa. Trafiki wakapima, shauri likaenda, dereva akaonekana hana kosa. Mimi hakuna hata aliyeniuliza.

Dereva alikuwa anakwenda kwa wale wazazi kila mwaka, anapeleka mchele na mafuta. Hakuna aliyemlazimisha. Mimi sijawahi kwenda. Nilikuwa najiambia mahakama imesema hakuna kosa. Nikisoma Edipode nasoma mtu ambaye mahakama ingesema hana kosa, na bado hakubaki na macho.

#39 Bi Mkubwa wa Ilala
Pole mwanangu.

#40 Binti Sinza
Pole sana, Kondakta. Nilisita kuandika hili. Kuna mwanafalsafa Mwingereza, Bernard Williams, mwaka 1976 alitoa mfano wa dereva wa lori aliyegonga mtoto bila uzembe wowote. Anasema wote tutamfariji, tutamwambia si kosa lako, na ni sawa. Lakini dereva akipoa haraka mno, akisema basi si kosa langu na kuendelea na safari, tutamtilia shaka. Kuna majuto ya aliyetenda ambayo mtazamaji hawezi kuwa nayo, hata kama hatia haipo. Baadaye, mwaka 1993, akaandika juu ya Edipode kwa mtazamo huo huo: jambo la kutisha lililompata, bila kosa lake, ni kwamba aliyafanya.

Sikuandika hivi kukuhukumu.

#41 Kondakta Mstaafu
Najua. Ila nimegonga bodi mimi. Mkono wangu. Neno "kukosa" la Mwalimu nimekaa nalo tangu juzi.

#42 Mwalimu Chaki
Na mimi nililiandika kama mchezo wa maneno.

#43 Nyuma Mwiko
Mkuu, wale wazazi bado wapo? Nauliza tu.

#44 Kondakta Mstaafu
Mama yupo. Temeke. Dereva alifariki mwaka juzi.

#45 Bi Mkubwa wa Ilala
Kondakta, kwa Edipode sirudi nyuma, angempisha yule mzee. Kwako wewe nafuta. Ukienda Temeke niambie, nikusindikize. Mwanamume peke yake mlangoni kwa mama wa watu na mfuko wa mchele ataonekana dalali.

#46 Kandambili
Bi Mkubwa jamani.

#47 Mama Tunu
Samahani kukatisha, kuna mwenye *Kwenye Ukingo wa Thim*? Nataka kumsomea mama mdogo. Niko Segerea.

#48 Jirani wa Namanga
Ninayo, nakuletea Jumamosi. Lakini nakutahadharisha, imekatika kurasa za mwisho.

#49 Mama Tunu
Lete hivyo hivyo.